Sauti ya Lori la Ambakisye

Zama hizo lori lilikuwa linamsoma dereva wake: sauti, mizaha, hata kikohozi. Dereva akilala, lenyewe hushika njia na kupokea simu za nyumbani kwake. Akiacha kazi, sauti huzimwa.

Ambakisye alifika kwake Makambako bila taarifa, amwambie mkewe Sekela kwamba udereva basi, sasa ni useremala. Mlangoni pa jiko akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu.

“Kitendawili!”

“Tega!” Sekela alijibu, anacheka huku anakoroga uji.

“Nina mnyama wangu, anakula barabara wala hashibi.”

“Mama Tusa, zima hiyo!” Ambakisye alimaka. “Mimi si huyu hapa? Kesho narudisha funguo za lori.”

Sekela alifunika simu kwa kiganja, kama anayemkinga mtoto na baridi.

“Taratibu, Baba Tusa, atakusikia. Ukiacha, si watamzima? Miaka yote hiyo wewe umelala, nani alikuwa ananichekesha?”



“Mke wangu, umeshindwa?” simu iliuliza kwa bashasha. “Basi nipe mji.”

Sekela alimtazama mumewe machoni.

“Makambako,” akasema. “Nakupa Makambako.”