Shikamoo ya Kicheche

Zamani za wanyama kuamkiana kwanza ndipo walane, alikuwako Kicheche, mchawi mwenye adabu. Uchawi wake ulikuwa ndani ya shikamoo: mbele yake, aliyeitikia "marahaba" aligeuka kisiki. Na nani asiyependa kuamkiwa? Ngiri aliitikia, Nyumbu akaitikia kwa madaha, mbuga ikajaa visiki.

Siku moja akakutana na Kanga, mwenye wajukuu tele, lakini akiapa kwamba meupe yale mwilini mwake ni madoa, si mvi.

"Shikamoo, bibi," akasema Kicheche.

Kanga aliona ametukanwa. "Bibi yako nani? Wewe mvi zimekufika mgongoni, rika la marehemu baba yangu, unaniamkia mimi? Shikamoo wewe, babu."

Tangu azaliwe Kicheche alikuwa akiamkia tu, hajapata kuamkiwa. Moyo ukamlainika.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na papo hapo akawa kisiki.

Wanyama wakaja mbio kumwuliza Kanga alijikinga kwa hirizi gani. Kobe akatangulia kwa heshima zote: "Shikamoo, mama."

Kanga akapanda juu ya kile kisiki kipya, akamkazia macho.

"Na wewe unaanza?"