Pointi za Bwana

"Bwana yako ana ndevu?"

"Hana," Cherotich akajibu, macho yakiwa sakafuni.

"Vizuri sana. Wazungu wa Kanada hawapendi ndevu. Zinakula pointi."

Opondo, aliyewajazia watu fomu za kuhamia ng'ambo, alijua kila kitu kuhusu Kanada. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la dawa mjini Kericho, na ukutani alikuwa amebandika picha ya theluji aliyoikata kwenye kalenda ya mwaka wa 1991. Nchi ya nje aliyowahi kuikanyaga ni Uganda, pale Busia, akanunua ndizi akarudi. Lakini pointi alizijua. Elimu ilikuwa na zake, kazi zake, Kiingereza zake, hata umri. Ukifikisha sabini, unaenda. Nchi kubwa namna ile, na inachagua watu kama mama anayebonyeza nyanya sokoni.

Cherotich alikuwa nesi katika zahanati ya shamba la chai. Alikuwa na sitini na mbili. Zilizobaki zilikuwa mkononi mwa mzungu mmoja huko Nairobi, ambaye angemtazama yeye na mumewe, na akipendezwa nao awaongezee.

"Kwa hivyo bwana ndiye atawapeleka ama awaangushe," alisema Opondo, kana kwamba bwana ni mbolea.

Bwana mwenyewe Opondo hakuwahi kumwona. Alikaa kijijini Siongiroi na ng'ombe wake, na mjini hakupapenda.

"Analewa?"

"Haonji hata."

"Anakupiga?"

"Tangu anioe hajaniinulia mkono."

"Ako na wanawake kando?"

Cherotich aliziba mdomo kwa kitambaa asicheke. "Hapana, mwalimu."

"Ukiwa kazini nani anapikia watoto?"

"Ni yeye. Hata kuwaosha ni yeye."

Opondo aliweka kalamu chini. "Mwanaume wa Kipsigis anaingia jikoni? Mama, ulimwekea nini kwa chai?"



"Huyo si bwana, ni malaika! Ningekuwa mzungu ningempatia kumi hapa hapa."

Shida ilikuwa umri. Cherotich alisema mumewe alizaliwa wakati wa nzige. Opondo akapiga hesabu, akaguna, kisha akamfanya mtu wa miaka arobaini na tano. Hakuna daktari aliyewahi kuponya uzee haraka hivyo.

"Ama tumwache," akasema. "Tuandike umeachika. Mama nesi, peke yake, na watoto wawili: hiyo itawatoa machozi. Ukifika huko utapata mwingine, tena mwenye gari."

Kwa mara ya kwanza Cherotich alimtazama usoni.

"Aliuza majani chai yake ndio nikasomea unesi. Nyumba yake haina mtu mwingine, ni mimi na hawa watoto. Nikimwacha, nani atamwashia moto? Akibaki, nami nabaki."

"Mapenzi!" Opondo akashusha pumzi. "Mapenzi haina pointi, sista."

Basi akaanza kumfundisha bwana kupitia kwa mke. Bwana asiteme mate. Bwana asimwite mzungu kijana. Bwana amshike mkewe mkono, maana Kanada watu waliooana hushikana mikono hata pasipo na mto wa kuvuka. Na bwana avae suti.

"Hana suti, mwalimu."

"Aazime kwa hedimasta."

"Haitamkaa."

"Ni mnene?"

"Hapana. Haitamkaa tu."

Opondo alisikitikia wanawake wanaotetea waume washamba. Kila Jumamosi Cherotich alipeleka masomo hayo Siongiroi, na kila Jumatatu alileta jibu: mumewe amekubali yote, isipokuwa suti. Tena ameuliza kama Kanada kuna ng'ombe.

"Mwambie wako wengi," alisema Opondo. "Na wote wamesoma."

Siku ya mahojiano Opondo alitangulia kufika Nairobi. Alikuwa amebeba koti lake mwenyewe na tai, amvalishe huyo bwana hata kwa nguvu. Malaika anayepika hangeanguka kwa sababu ya nguo.

Katika chumba cha kungojea alimkuta Cherotich amesuka nywele, watoto wamepakwa mafuta wakang'aa, na kando yao bibi kizee mwenye masikio yaliyotobolewa, leso begani na viatu vipya vya mpira miguuni.

Opondo alimvuta Cherotich pembeni.

"Umeleta mama mkwe?" akanong'ona kwa hasira. "Nani alikwambia mama mkwe ana pointi? Bwana ako wapi?"

"Tumekuja wote, mwalimu."

"Wote nani? Mimi naona wanawake na watoto!"

Cherotich aligeuka kumtazama bibi kizee. Wakati huo huo mlango ukafunguka. Karani akasoma jina la Cherotich kwa sauti, kisha akaongeza, "Na bwana yake."

Miezi yote ya kazi ilikuwa inamponyoka Opondo. Akaruka mbele, koti mkononi, akatabasamu kwa meno yote.

"Kidogo tu, madam. Bwana ameingia choo."

"Choo kani?" Bibi kizee alikuwa amesimama tayari, anajifunga leso vizuri. Akamsogeza Opondo kando kwa fimbo. "Pwana ni mimi. Kwetu mama asiye na kijana anaoa. Nilimuoa na ng'ombe saba."