Dole Gumba la Kulia

Dalali wa mahakama alikuwa ameshainua magurudumu ya mbele ya gari la ubalozi kwa mnyororo, pale tarishi wa Mahakama Kuu alipofika mbio na bahasha.

"Shusha! Serikali yao imekata rufaa. Wanadai mali ya nchi ya kigeni haikamatwi. Hakuna kukaza hukumu mpaka rufaa isikilizwe."

"Itasikilizwa lini?" nikauliza.

"Itapangiwa tarehe, mama."

Miaka sita nimepanda ngazi za mahakama. Nimeshinda, jaji kasema watu wakisikia kwamba ubalozi unilipe fidia, na sasa magurudumu yale yanarudi kwenye lami polepole, mlinzi wa geti la ubalozi anacheka waziwazi.

Tarishi akaninyooshea kalamu. "Saini hapa kwamba umepokea taarifa."

"Siwezi kushika kalamu."

"Basi weka dole gumba." Akafungua pedi ya wino. "La kulia. Fomu ndivyo inavyotaka."

Nilimkazia macho nione kama ananifanyia mzaha. Wapi! Alikuwa ananisubiri tu, pedi mkononi.

Nikautoa mkono mfukoni, nikaubamiza juu ya fomu yake. Vidole vinne, na pa dole gumba pana kovu linalong'aa, kazi ya mashine ya kupigia pasi mashuka ya balozi.

Pedi ikamponyoka.

"Dole lenyewe limebaki humo ndani," nikamwambia, nikimwonyesha geti. "Kagonge, uwaombe. Na uwaulize kama nalo ni mali ya nchi ya kigeni."