Gauni Jekundu la Sikukuu ya Malkia

Wallahi, hapa sitii chumvi hata punje: enzi za ukoloni, siku Malkia alipovishwa taji, fataki za mji wa Moshi ziliamsha nyuki hadi kule Uru.

Mwantumu alikuwa amemshonea bintiye gauni jekundu, asimpotee kwenye umati. "Usiniachie mkono, mwanangu!"

Kumbe jora lile lile lilikuwa limevisha nusu ya watoto wa mji.

Fataki zilipolipuka, watu wakakanyagana, mkono ukamponyoka. Akaona wekundu, akadaka mkono, akakimbia nao mpaka nyuma ya stesheni.

Huko, akihema, akaviona vidole alivyovishika. Vilikuwa na hina. Yeye hakumpaka mwanawe hina.

Mtoto akainua uso, akakumbuka adabu aliyofunzwa kwao.

"Shikamoo, mama."