Kitambaa Kisicholowekwa

Siku mbili kabla ya harusi, Siwazuri aliona tone la mafuta ya cherehani kifuani mwa gauni alilomshonea Rukaiya, binti wa marehemu dada yake. Akalifua kwa maji ya uvuguvugu, akalianika, kisha akamwita binti aje kulijaribu.

Gauni lilimbana mabegani. Zipu ilifika kiunoni ikagoma, na mishono ya ubavuni ilikuwa imejikunjakunja.

"Mama mdogo, si ulinipima mara mbili?"

"Vipimo ni sawa, mwanangu. Kitambaa ndicho kilichosinyaa. Sikukiloweka kabla ya kukata."

"Wewe? Mbona wanafunzi wako unawafokea kwa hilo kila siku?"

Siwazuri alikaa kitako sakafuni. Kitambaa kile dada yake alikinunua mwenyewe kwa ajili ya siku hii, akakifungia sandukuni, na hata alipougua hakukubali kiuzwe.

"Nilipokitoa kilikuwa bado kinanukia udi wake," alisema. "Maji nilishateka. Nikaona nikikitumbukiza, nimemfukuza."

Rukaiya alinusa mkono wa gauni. Ulinuka sabuni tu.

Siwazuri alichukua wembe akaanza kufumua ubavu, akitafuta kitambaa cha kuachia. Kilichobaki ndani ya mshono kilikuwa chembamba kama ukucha; kisingetosha, na wote wawili walikiona. Hata hivyo aliendelea kufumua. Binti alibaki amesimama, mikono kainua juu, nyuzi nyeupe zikimwangukia miguuni.