Saa Nyuma ya Dirisha la Tatu

Jamani, hii hata mkikataa kuiamini sitawalaumu. Bibi kizee alikata tiketi, kama mtalii tu, kuingia nyumba aliyowahi kuishi.

Nyumba yenyewe ni Harrowmere, Uingereza, ya karne ya kumi na nane, enzi za wafalme Joji. Mlango katikati, madirisha matano huku, matano kule, yamepangana kama meno ya bandia. Iko kwenye orodha ya urithi ya serikali, hata msumari huung'oi bila kibali.

Kibali cha dirisha la tatu kilichukua miaka sita. Mbao zake za kufungia, zile zinazokunjwa zikaingia ubavuni mwa ukuta, zilipakwa rangi zikagandana mwaka hamsini na saba. Leo fundi Clive anazifungua. Bibi alisoma gazetini, akapanda treni.

Tamsin, binti anayetembeza wageni, alianza na picha kubwa ukutani.

"Huyu ni Rosamund, binti wa bwana mwenye nyumba. Miaka tisa tu, lakini oneni hicho kidevu. Utadhani anawadai shikamoo."

Wageni wakacheka. Bibi hakucheka.

"Mwaka huo huo, hamsini na saba, saa ya dhahabu ya bwana ilipotea. Wakamsingizia Edith, mfanyakazi wa ndani, dada yake babu yangu. Babu naye akamfungia mlango. Mpaka leo tukiingia dukani kuna wanaotuambia tugeuze mifuko."

"Na mnageuza?" mgeni mmoja akachokoza.

"Babu alikuwa anageuza."

Bibi akasogea karibu na dirisha. Miaka sitini na minane jina la Edith limemkaa kooni, halipandi, halishuki. Leo ameapa kulisafisha.

Kisu cha Clive kikapita kwenye rangi. Ubao ukalia, ukakunjuka. Akaingiza mkono kwenye uwazi wa ukuta, akatoa kisoksi cheupe. Ndani yake, saa.

Wageni wakasogea waone.

"Haikutoka hata nje," Tamsin akasema taratibu. "Edith hakuiba."

"Hakuiba," bibi akasema. "Walimvua aproni pale mlangoni, mvua inanyesha. Hakulia. Alisema tu, 'Siku moja mtaiona.'"

Tamsin akageuka. "Hilo halijaandikwa popote. Bibi, umejuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye..."

"Edith." Tamsin alishamkumbatia, analia. "Bibi yangu. Babu amekufa anakuita. Twende nyumbani, chumba chako kipo."

Mara ya mwisho mtu kumwambia "twende nyumbani" hata haikumbuki. Bibi akafungua mdomo. Akaufunga. Mkono wake ukapanda polepole, ukamshika Tamsin mgongoni.

Juu ya bega la binti yule akajiona mwenyewe kwenye ile picha ukutani: miaka tisa, kidevu juu, soksi nyeupe kama ile iliyoficha saa.

Ungekuwa wewe, ungeimalizia ile sentensi?