Kigoda Alichonipa Doyo

"Mama, miaka yote uliyomfanyia Doyo kazi ya kuwamba ngozi, hukuona hata moja ya ng'ombe wa wizi?"

Askari alikuwa amekalia kigoda changu, daftari magotini.

Ni mwaka sasa tangu macho yanikatize kazi, na vidole bado vinatafuta chumvi ya kupaka ngozi. Nautamani ule uwanja wake wa kuanikia ngozi kule Chechelesi, na Doyo akiita, "Dada, chai kwanza." Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Kigoda hicho alinipa siku ya kuagana. Ngozi yake aliiwamba mwenyewe.

Juzi nikikisafisha, vidole viligusa kovu la chapa upande wa chini: mistari mitatu na duara. Ni chapa ya ng'ombe wa kaka yangu. Tangu ukame wa themanini na nne anawauliza watu wa Kinna kama wamewaona ng'ombe wake walioibwa.

Askari alingoja jibu, kisha akafunga daftari. "Basi hakuna neno."

Upepo ulileta harufu ya ngozi kutoka kule uwanjani. Niliivuta mpaka kifua kikajaa.

"Simama kidogo, mwanangu," nilimwambia. "Pindua hicho kigoda."